Ya Kumi na Moja ni ya Zawadi

Vazi lilimkunja Shomari Kobelo magoti kabla yeye mwenyewe hajaamua kuyakunja. Nyuzi zilizofumwa ndani ya kitambaa, nyembamba kama nywele, zilijikaza mapajani na kiunoni, zikamshusha taratibu mpaka akachuchumaa, kisha zikamwinua. Sikioni mwake sauti ya mwanamke ilikuwa ikihesabu. Moja. Mbili. Kifua mbele. Tatu. Ilipofika kumi ilinyamaza kidogo, ikacheka, ikasema, "Haya, na ya zawadi." Shomari akashuka mara ya kumi na moja huku machozi yakimtoka, na wanafunzi wenzake wakadhani ni jasho.

Waliliita vazi-kumbu, yaani vazi lenye kumbukumbu za mwili. Mwalimu wa mazoezi aliyebobea aliingizwa kwenye chumba cha kuchotea, akafanya kazi yake humo kwa siku arobaini, na vihisi vya ukutani vikachota kila kitu: anavyoshuka, anavyopumua, anavyoegemea mguu mmoja akimsubiri mvivu, hata uzito wa kiganja chake anapomnyoosha mtu mgongo. Yote yalitiwa ndani ya vazi. Mwanafunzi akilivaa, misuli yake ilifundishwa na misuli ya mwalimu, na kozi ya miaka mitatu ikawa ya mwaka mmoja.

Chuo chenyewe kilikuwa Morogoro, ghorofa ya tisa, madirisha yakitazama milima ya Uluguru. Wakufunzi walitafutwa kwa udi na uvumba. Tangu roboti zianze kufagia, kufua na kubeba mizigo ya sokoni, watu walikuwa wameacha kuinama, na mtu wa miaka arobaini alitazama kijiko chake kilichoanguka kama anayetazama chini ya kisima. Serikali ikaagiza kila mkazi afanye mazoezi nusu saa kwa siku mbele ya mkufunzi aliye hai. Awali walikuwa wameamini saa za kuhesabia hatua, mpaka ikagundulika kwamba nusu ya mji ilizifunga shingoni mwa mbuzi.

Shomari alikuwa na miaka hamsini na minne, fundi bomba aliyeacha mabomba. Vijana darasani walimwita Babu Pushapu, naye alicheka nao. Hakuna aliyeshuka vizuri kama yeye, hakuna aliyemshika mtu mgongo kwa upole kama ule. Hata hivyo alikuwa ameanguka mtihani wa mwisho mara mbili, na chuo kilimruhusu kurudia mara moja tu zaidi baada ya huu wa tatu uliokuwa ukikaribia.

Jioni ya kuamkia mtihani, Mwalimu Rehani Chanzi, msimamizi wa darasa, alimkuta akilikunja vazi polepole, mkono juu ya mkono, kama mtu anayekunja nguo za safari.

"Mzee Kobelo, nimeitazama picha ya mtihani wako wa mwaka jana," Rehani alisema. "Ulifungua mdomo kuliambia vazi litulie. Ukaufunga. Nikatazama wa mwaka juzi, vilevile. Kuna nini?"

Shomari alimaliza kukunja kwanza.

"Sauti iliyo humu ni ya mke wangu, Mwalimu."

Rehani aliketi kwenye mkeka. Mwasiti Mlali alikuwa amemfundisha yeye mwenyewe, darasa la mwisho kabla ya homa iliyomwondoa miaka mitano iliyopita. Kazini Mwasiti alitumia jina la baba yake, na mumewe hakuna aliyewahi kumwona chuoni.

"Alinialika miaka kumi na tisa," Shomari alisema. "Akiniambia, njoo hata siku moja uone ninavyofundisha. Nami kila siku namjibu bomba la mtu linavuja. Amekufa sijawahi kukanyaga hapa. Nyumbani tu ndipo nilipozijua hizo ya zawadi zake. Akishanipakulia chakula, anaongeza kijiko kimoja: na ya zawadi."

"Pole sana, baba."

"Nikifuzu, anafutwa. Si ndivyo?"

Ndivyo ilivyokuwa. Sheria ilikataza kuweka nakala ya mwili wa marehemu bila masharti yake mwenyewe, na sharti la Mwasiti lilikuwa la mstari mmoja, kwa mwandiko wake: nitumike mpaka apatikane mwanafunzi wangu anayenizidi. Alama ya juu kabisa ya mtihani ndiyo iliyokuwa kipimo. Rehani alilijua hilo. Alijua pia kwamba kwa miaka mitatu mwanafunzi huyo alikuwa mmoja tu, naye alikuwa akijiangusha makusudi.

"Kesho fanya utakavyoona," Rehani alimwambia.

Mtihani ulikuwa na jambo moja gumu. Mwanafunzi alivaa vazi na kumwongoza mtu halisi kutoka mtaani, asiyemjua. Vazi lilikumbuka kila mtu aliyefundishwa zamani, lakini huyu aliyesimama mbele yake leo halikumfahamu. Kwa hiyo mwanafunzi alipaswa kujua ni saa ngapi aseme, "Vazi, tulia," na kuendelea kwa akili yake. Shomari alikuwa amepanga asiyaseme maneno hayo. Alitaka mwaka mmoja tena, basi.

Walimletea Bi Tausi, mwalimu mkuu mstaafu wa miaka sabini na mitano, aliyevaa raba mpya na mtandio uliofungwa barabara.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Usiwe na wasiwasi, tutafaulu."

Alisema tutafaulu, na humo ndimo hatari ilimokuwa. Bi Tausi alikuwa amesimamia mitihani maisha yake yote. Kwake yeye, kusema nimechoka mbele ya wasahihishaji ilikuwa sawa na kumwangusha mtoto wa mwenzake, na aibu hiyo asingeikubali.

Moja. Mbili. Shomari alishuka naye, mikono ya Mwasiti ndani ya mikono yake, ikimshikilia bibi viwiko. Tano. Bi Tausi alitabasamu. Saba. Tabasamu lilibaki lakini macho yalihamia dirishani. Tisa. Midomo yake ilikuwa na rangi ya jivu, na vidole vyake vilikuwa vimeng'ang'ania mkono wa vazi.

"Kumi," ilisema sauti sikioni. Ikanyamaza kidogo. Ikacheka, kicheko kilekile cha jikoni, na Shomari akahisi nyuzi zikianza kujikaza mapajani. "Haya, na ya—"

"Vazi, tulia."

Nyuzi zililegea. Sauti ilikatika, na chumba kikawa kimya kiasi kwamba alimsikia bibi akihema. Alimketisha chini, akamlegezea mtandio, akamshika mkono mpaka roboti-muuguzi ilipofika. Moyo wa bibi ulikuwa umeanza kurukaruka. Ilisemekana baadaye kwamba angeshuka mara moja zaidi asingeinuka.

"Nimekuharibia mtihani," Bi Tausi alinong'ona.

"Hukuniharibia, mama. Tumefaulu."

Akatoka nje kwenye korido, akaegemea ukuta, akalia kwa sauti, mtu mzima, bila kujali nani anamwona. Rehani alimfuata akasimama kando yake.

"Nimemkatiza," Shomari alisema. "Maisha yetu yote sikuwahi kumkatiza akihesabu."

"Baba, naomba nikwambie kitu ambacho ungekiona kama ungekuja hata siku moja." Rehani alijutia maneno hayo yakiwa bado mdomoni, lakini aliendelea. "Hakuwa akimpa kila mtu ya zawadi. Alikuwa anatazama midomo kwanza. Kwa Bi Tausi angesimama kwenye sita. Kile chumba kilichota mikono yake na sauti yake, macho hakikuweza kuyachota."

Miaka mitatu Shomari alikuwa amelivaa vazi akiamini yuko na mkewe. Jambo alilolijua mkewe kuliko yote halikuwamo, na yeye angeweza kuliona bure, siku yoyote, kwa kupanda ngazi za ghorofa tisa. Hilo lilimuuma kuliko kifo chenyewe.

Alipewa alama ya juu kabisa, na wiki iliyofuata waliita jina lake katika chumba cha kuchotea. Rehani alikuwa nyuma ya kioo, na karibu naye mtambo uliokuwa ukisubiri mwili mpya ili uachie wa zamani. Alikuwa ameomba siku moja ya ziada ili Shomari alivae vazi kwa mara ya mwisho. Shomari alikataa kwa upole.

"Hesabu kama unavyofundisha," Rehani alisema kupitia kipaza sauti.

Shomari alishuka akainuka. Sauti yake ilikuwa nzito na kavu, ya mtu aliyezoea kuongea chini ya sinki. Nane. Tisa. Kumi. Nyuma ya kioo, Rehani alijikuta midomo yake imekwisha kufunguka kwa ajili ya neno linalofuata.

"Kumi," Shomari alirudia. "Imetosha. Nitazame, niione midomo yako."

Taa ndogo ya mtambo iligeuka kutoka nyekundu kuwa kijani: mwili wa Mwasiti ulikuwa umeachiwa. Magoti ya Shomari yalianza kukunjika yenyewe kwa ya kumi na moja, bila vazi, na yeye akayanyoosha.