Wawili Kwenye Fungu la Mchanga

Mwalimu ndiye aliyesikia injini kwanza. Aliinua kichwa kutoka kwenye kidimbwi alichokuwa akichungulia, akaliona boti lao limekwisha kugeuka, pua imeelekea mjini, povu jeupe nyuma. Alidhani linahamia tu mahali pengine pa kutia nanga. Akahesabu moyoni mpaka ishirini. Boti halikurudi. Hapo akamsukumia mama mkwe wake chupa ya maji mkononi, akakimbia.

Alikimbia urefu wote wa fungu lile la mchanga, kama viwanja viwili vya mpira, mikono juu, akiita. Katikati ya mbio alikanyaga gamba la chaza lililosimama wima kama wembe. Hakusimama. Alipofika pale waliposhushwa asubuhi, boti lilikuwa dogo kama kiatu cha mtoto, na upepo ulikuwa unamrudishia sauti yake usoni.

Mama mkwe alifuata kwa mwendo wake, kapu begani. Alikuwa dobi, mwanamke mfupi mwenye mikono minene ya kukamua mashuka, na hakuwa mtu wa kukimbia.

"Watarudi," alisema. "Hawawezi kusahau watu wazima."

Lakini walikuwa wamesahauliwa, na kosa lenyewe lilikuwa hivi. Mabaharia wa boti lile hawakuwa na orodha ya majina. Mgeni alipopanda alivua viatu, akaviweka kwenye kreti la plastiki karibu na usukani, akashuka mchangani miguu mitupu. Wakati wa kurudi kila mtu alichukua vyake, na kreti likiwa tupu, basi watu wametimia. Njia hiyo iliwafaa miaka mingi. Ila dobi hakuweka viatu vyake kwenye kreti la mtu. Siku ya mazishi ya mwanawe, miezi minne nyuma, alivua viatu mlangoni pake mwenyewe, na katika msongamano ule mtu akaondoka navyo, naye akaenda makaburini na viatu vya jirani, akichechemea nyuma ya jeneza. Tangu hapo viatu vyake vilikaa kapuni. Asubuhi ile alichukua na vya mkwewe pia, akavifunga pamoja kwenye mfuko wa nailoni. Kreti likawa tupu mapema, na wao wawili walikuwa wamechuchumaa kwenye ncha ya mbali, nyuma ya tuta la mchanga, wakitazama kaa.

Simu walikuwa wameziacha hotelini, kwa kuogopa maji ya chumvi. Majaketi ya kuelea yalikuwa yamerudi na boti. Walibaki na chupa ya maji iliyofika nusu, kapu, mtandio wa dobi, na mwavuli mkubwa wa jua ambao watu wa boti huuacha pale siku zote, mlingoti wake umesimikwa kwenye gurudumu la gari lililojazwa zege. Ulikuwa umekunjwa na kufungwa kamba.

Dobi alimkalisha mkwewe chini, akautazama mguu. Kisigino kilikuwa kimefunguka kama mdomo.

"Kinauma?"

"Bado."

"Kitauma." Akararua upindo wa mtandio, akafunga kwa kubana. "Kunywa funda moja. Moja tu."

Safari yenyewe haikuwa yao. Mwana wa dobi, mume wa mwalimu, alikuwa muuzaji wa rangi za nyumba, na kampuni ilimtunuku likizo ya wiki moja katika mji huu wa pwani, yeye na mtu mmoja. Kabla tarehe haijafika alitoka asubuhi na pikipiki kununua mkate, lori likamgonga mbele ya duka, ng'ambo tu ya barabara. Kampuni ikasema zawadi bado ni halali. Basi wakaja mama na mjane, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye anayehitaji kubadili hewa. Hoteli iliwapa karatasi ya mambo ya kufanya mjini, nao wakayafanya moja moja kama watu walioingia zamu. Walipanda mnara wa taa. Walilisha kobe wa baharini. Walipanda boti lenye sakafu ya kioo, na dobi akawatazama samaki kwa jicho lile lile analokagulia shuka, akitafuta doa. Fungu la mchanga lilikuwa la mwisho kwenye karatasi.

Na kila siku ya wiki ile dobi alikuwa na neno moja kooni. Kabla ya safari aliloweka gauni la mkwewe bila kukagua mifuko, kosa ambalo hakuwahi kulifanya tangu aanze kazi, na ndani ya maji ya sabuni akakuta barua. Mwalimu alikuwa ameomba uhamisho kwenda shule ya kwao, mwendo wa siku mbili kwa basi, na amekubaliwa. Dobi aliirudisha barua mahali pake, akanyamaza. Hakuwa na mtoto mwingine. Alimtaka mkwewe abaki, basi, ndilo lililokuwa kooni. Maana dunia nzima sasa ilikuwa na mtu mmoja tu wa kumwita Mama nyumbani kwake.

Maji yalipoanza kupanda hayakuja kwa mawimbi. Yalikuja kwa kupenyeza. Kidimbwi kikaungana na kidimbwi, ule mchanga uliokuwa mkavu ukalegea chini ya nyayo, na fungu likapungua pande zote kama kipande cha sabuni. Saa saba walikuwa na nafasi ya chumba. Saa nane walikuwa na nafasi ya mkeka, na baada ya hapo walikuwa wamesimama majini kando ya mwavuli.

Dobi alikuwa akiutazama mlingoti. Kutoka chini mpaka mahali fulani ulikuwa umeota ukungu wa kijani na magamba madogo ya baharini yenye makali. Juu ya hapo chuma kilikuwa safi. Kijani kiliishia pale maji yanapofika yakijaa, naye akajipima na mlingoti. Mstari wa kijani ulipita utosi wake kwa upana wa kiganja.

Mwalimu alijipima pia. Kwake uliishia kidevuni.

"Panda juu ya zege, Mama," alisema. Zege lile lilitosha miguu ya mtu mmoja. Dobi akapanda, akaukumbatia mlingoti, na mkwewe akamzungushia kiunoni kile kilichobaki cha mtandio, akamfunga kwenye mlingoti.

Mji ulikuwa unaonekana wazi, ndiyo karaha yenyewe. Waliona mnara wa taa walioupanda juzi, na safu ya hoteli, na nguo zilizoanikwa kwenye vibaraza. Boti moja lilikuwa likienda na kurudi mbele ya ufuko, likivuta mtu angani kwa parachuti lenye mistari. Lilipokuja upande wao wakapunga mikono yote, wakaita. Yule mtu wa angani akawaona. Akapunga naye, kwa furaha kabisa, mkono mmoja kisha mwingine, akaenda zake.

"Ametusalimia," mwalimu alisema, na kicheko kikamtoka, kibaya, kilichoishia kwenye kikohozi.

Maji yalimfika kifuani. Kila wimbi lilimwinua kidogo na kumtua kwenye kile kisigino. Upande wa mlango wa bandari kulikuwa na boya jekundu la kuongozea meli, lenye ngazi ya chuma. Lilikuwa mbali, lakini mwalimu alizaliwa kando ya mto na alijua kuogelea tangu utotoni. Dobi hakujua hata kuelea kwenye beseni.

"Nenda kwenye boya," dobi alimwambia.

"Siendi."

"Una nguvu bado. Baada ya saa moja hutakuwa nazo. Nenda."

"Mama, siendi, nimeshasema."

"Si ulikuwa unaenda hata hivyo."

Neno lilikuwa limetoka. Maji yalipanda na kushuka kwenye mabega ya mwalimu. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayesoma kilichoandikwa mbali, "Ile barua uliipiga pasi."

Dobi akakaza mikono kwenye mlingoti.

"Niliiweka mfukoni imekunjwa mara nne. Nikaikuta imenyooka kama noti mpya. Nani mwingine angepiga barua pasi, Mama?"

"Ilikuwa imelowa. Nisingeweza kukurudishia karatasi yenye makunyanzi."

"Nilingoja uniulize."

"Na mimi nilingoja uniambie."

Wiki zote hizo walikuwa wamepikiana, wamepishana koridoni kwa adabu, kila mmoja akiwa amelibeba jambo lile lile. Mwalimu akayasema yote pale, maji kifuani, bila kumtazama. Kwamba hamkimbii yeye. Kwamba kila asubuhi akifungua dirisha analiona lile duka la mkate, na mwenye duka amepaka rangi upya pale ukutani, na yeye kila akiiona hukumbuka damu iliyofunikwa na rangi ile. Kwamba kila pikipiki inayopunguza mwendo langoni humwinua kitandani. Kwamba mezani Mama huweka vikombe vitatu, kisha hukumbuka, kisha hukiondoa cha tatu polepole ili asionekane.

"Siwezi kuendelea kukiona kikombe kile," alisema. "Lakini usidhani nitakuacha ufe baharini."

Dobi alilaza shavu kwenye chuma. Alilia bila sauti, na maji ya macho yakaenda kuungana na mengine.

Saa kumi kasoro wimbi lilimfika mwalimu midomoni. Alikuwa akiruka kwa mguu mmoja kila linapopita. Boti la parachuti likaja tena, juu yake mtu mwingine.

"Tupunge," mwalimu alisema.

"Hapana. Huku kila mtu anapunga." Dobi alikuwa anatazama juu, kwenye kitambaa kilichokunjwa. "Fungua kamba ya mwavuli."

"Upepo utauchukua, Mama. Na sisi tumeushika huo huo."

"Najua. Fungua."

Mwalimu akafungua kwa meno na vidole. Dobi akausukuma mkono wa mwavuli juu kwa nguvu zake zote za kukamua mashuka, na mwavuli ukafunguka, mwekundu na mweupe, katikati ya bahari. Akauvuta chini, ukajikunja. Akausukuma juu. Chini. Juu. Mtu wa angani alikuwa ameshaanza kupunga. Kisha mkono wake ukabaki umeinuliwa, hautikisiki. Mwavuli hauwezi kujifungua na kujifunga wenyewe kwa furaha.

Mara ya sita upepo uliingia chini ya kitambaa. Mlingoti ukainama, zege likajing'oa mchangani, na dobi akaenda chini nalo, amefungwa.

Mwalimu alizama. Alipapasa, akapata mtandio, akapata fundo alilolikaza kwa mikono yake mwenyewe, na fundo lilikuwa limelowa na kukakamaa. Hakulifungua. Aliirarua nguo pale ilipokuwa imekwisha kuraruliwa kwa ajili ya kisigino chake. Akapanda juu na mama mkwe wake mgongoni mwake, kichwa cha mama kimelegea, akamgeuza uso utazame mbingu, akamshika chini ya kidevu, akapiga miguu. Mwavuli ulikuwa umechomoka kwenye zege, unaelea zake kuelekea bahari kuu, umegeuka kama bakuli.

Boti halikuweza kuja mara moja. Ilibidi kwanza wamteremshe mtu wao kwa kamba, taratibu. Mwalimu aliuona mzunguko ule wa kamba, aliona jinsi ulivyokwenda polepole. Mguu wa kidonda uliacha kumtii. Akabaki na mmoja. Alikuwa akisema sikioni mwa dobi neno moja tu, Mama, Mama, Mama, kila pigo la mguu neno moja, na baadaye hakujua kama alilisema kwa sauti au kwa moyo.

Dobi alitapika maji akiwa sakafuni mwa boti. Yule wa angani, daktari wa meno aliyekuja kupumzika, aliwafunika kwa taulo lake, akaendelea kuomba radhi ingawa si yeye aliyepunga mara ya kwanza. Zahanati ikashona kisigino nyuzi saba. Jioni nahodha wao alikuja hotelini na kofia mkononi, na dobi akamwambia aende tu, ila anunue daftari.

Asubuhi ya kuondoka walikaa kwenye benchi la stendi, mwalimu na mkongojo wake. Basi la kwenda nyumbani kwa dobi lilikuwa la tatu kwenye mstari. Mbele yake lilikuwa linapakia basi la kwenda kule kwao mwalimu.

"Panda hili," dobi alisema.

Mwalimu alimkumbusha kwamba shule zitafunguliwa baada ya majuma mawili, kwamba nguo zake zote ziko nyumbani, kwamba atapita kwanza, wapange, waagane vizuri.

"Nguo nitakutumia. Usipite nyumbani, mwanangu. Ukiingia mle ndani nitakushika." Alikuwa akitazama magurudumu. "Jana ulipokataa kuniacha nilifurahi. Maji kidevuni mwako, na mimi nafurahi kwamba umebaki. Sitaki kuwa mtu huyo tena. Panda ningali na nguvu za kukwambia."

Mwalimu alimshika kwa muda mrefu, mpaka utingo akapiga bodi mara mbili. Dobi alimsaidia ngazini, mkono chini ya kiwiko, kama unavyomsaidia mgonjwa. Hakungoja dirisha lifunguliwe. Aligeuka, akatafuta basi lake, akaketi.

Kondakta alikuja, akaziangalia tiketi zao mbili zilizobanwa pamoja mkononi mwake dobi.

"Mko wawili, mama?"

"Niko peke yangu," alisema dobi. Tangu mazishi hakuwa ameyatamka maneno hayo. Yalitoka vizuri tu, na kondakta akapita kwenda kiti cha nyuma.