Mkalimani wa Mama Aryemo

Nilipokuwa na miaka kumi na mitatu, Mbuya nzima, mtaa wetu wa Kampala kando ya kambi ya jeshi, haikuwa na mkalimani kama mimi. Asubuhi kabla ya shule nilichota maji bombani, na katika foleni hiyo hiyo niliwasalimu Waganda kwa Kiganda na wake wa askari kwa Kiswahili. Nyumbani nilimjibu baba yangu, Owuor, muuza viatu vya mitumba kutoka Kisumu, kwa Kijaluo. Kiacholi cha watu wa kaskazini je? Sikuwa na haja ya kujifunza! Kijaluo na Kiacholi ni ndugu. Nilielewa nusu, na nusu iliyobaki niliijaza mwenyewe.

Jumamosi moja Safinah alinikuta bombani. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu akisomea kazi ya mwanasaikolojia, yaani mtu anayetibu maumivu ya moyo na akili kwa kusikiliza, si kwa sindano. Mazoezi ya kazi aliyafanyia katika zahanati ya jirani.

"Valarie, hapa nani anajua Kiacholi?" aliuliza. "Nesi anayetutafsiria anaumwa."

"Umempata, nnyabo," nikajibu, nikimwita 'bibi' kwa Kiganda. "Mpaka matusi yake nayajua."

"Matusi hatutayahitaji," akacheka, tukaenda.

Ndani, kwenye benchi, aliketi Akot, ambaye sote tulimwita Mama Aryemo. Mumewe alikuwa askari, na aliuawa vitani kaskazini mwaka uliotangulia. Binti yake Aryemo, mwenye miaka kumi, alisimama mlangoni na mdogo wake mgongoni. Bombani watu walinong'ona kwamba mama huyo halali, eti hukesha kizingitini akiongea peke yake.

Safinah alinivuta kando. "Saa sita gari la hospitali kubwa litapita. Nikiandika kwamba mama huyu ni hatari kwa watoto, atachukuliwa, na watoto watagawanywa kwa majirani. Kwa hiyo tafsiri neno kwa neno. Usipoelewa, sema."

"Neno kwa neno," nikajibu, kifua mbele.

Mwanzo ulikuwa mteremko: jina lako nani, una watoto wangapi. Kisha Safinah akauliza, "Usiku unafanya nini pale mlangoni?"

Mama Aryemo alivuta pumzi, akazungumza kwa muda mrefu huku akitazama viganja vyake. Nilidaka "mume", nikadaka "mifupa", nikadaka "watoto". Mengine yalinipita kama mvua juu ya bati. Safinah alinitazama, kalamu tayari. Niseme sijaelewa? Mimi, mkalimani wa Mbuya nzima? Nikaokota uvumi wa bombani, nikaupamba kidogo.

"Anasema sauti ya mumewe inamwamuru awatupe watoto."

Kalamu ilisimama. "Una hakika?"

"Kabisa, nnyabo."

Safinah akatazama saa. Zilibaki dakika kumi. Akaanza kuandika, na uso wake haukuwa na kicheko tena. Nje, honi ya gari ikalia. Aryemo akarudi nyuma mpaka mgongo wa mdogo wake ukagusa mlango.

Hapo moyo ukanisuta. Nikasimama, nikasema kwa sauti kubwa, "Nnyabo, nimedanganya! Andika upya!"

Mama Aryemo naye akainua uso, akazungumza Kiswahili cha kambini.

"Mimi hapana sema hivyo. Mimi nasema, bwana yangu naita. Walizika yeye kando ya barabara, mifupa yake nataka udongo ya nyumbani. Mimi nakaa mlangoni, watoto nalala. Nachunga wao."

Safinah alipigwa na butwaa. "Kumbe unajua Kiswahili, mama?"

"Miaka kumi na mbili kambini, nakosa kujua? Lakini habari ya kifo walileta na Kiswahili. Tangu siku ile, hii lugha nachoma mimi mdomo."

Safinah akaichana karatasi. Akatoka nje, gari likaondoka bila Mama Aryemo. Aliporudi, kwanza alimwomba mama msamaha. Kisha akanigeukia.

"Tumekosa wote wawili, mwanangu. Mimi niliona kabila, sikumwona mtu. Sikumwuliza anataka tuongee lugha gani. Wewe uliona aibu kusema neno moja, 'sijaelewa'. Aibu hiyo ingekaa kwako dakika moja. Uongo wako ungekaa kwa watoto hawa maisha yao yote."

Tangu hapo alikaa na Mama Aryemo kila Jumanne, pamoja na nesi aliyepona. Akawaandikia wazee wa ukoo kule Kitgum, kwao kaskazini, na vita vilipotulia njiani wakaileta mifupa nyumbani, wakaizika kwa desturi yao. Mama Aryemo akaanza kulala. Haikuwa siku ile ile, lakini alilala.

Maneno ya Safinah ndiyo yaliyonipeleka chuoni. Leo mimi pia ni mwanasaikolojia. Nakaa na Wakongo, Wasomali, Wanubi, na kila siku nasema "sijaelewa" mara kumi. Juma lililopita niliwasimulia wanafunzi wangu kisa hiki, hasa pale niliposimama kishujaa na kukiri. Nyuma ya darasa alikaa nesi wetu anayetafsiri Kiacholi, Aryemo yule yule. Akainua mkono.

"Dada Valarie, kusimama ulisimama. Lakini ulikuwa unaelekea mlangoni, ndara mkononi. Mama ndiye aliyesema kwanza. Na mimi ndiye niliyekuzibia njia."

Darasa zima likanigeukia.

"Haya," akasema Aryemo, "tafsiri tena. Neno kwa neno."