Katuni ya Mfereji Unaokohoa

Rita alikuwa akiuza chai na mahamri kando ya barabara kuu, hapa Maungu. Wateja wake ni madereva wa malori. Dereva hasubiri. Akikosa chai kwa Rita, anawasha gari na kwenda kuinywa Voi. Kwa hivyo kila asubuhi, kazi ya kwanza ya Rita ilikuwa kutafuta maji.

Siku moja alifika kwenye kioski cha maji na binti yake, Kalondu. Foleni ilikuwa ndefu. Mfereji ulifunguliwa, ukakohoa, ukatema matone machache, ukanyamaza. Lakini nyuma ya kioski, lori la maji lilikuwa likijazwa kwa mpira mnene.

"Maji yameisha," mlinzi akasema.

"Na hayo yanayoingia kwenye lori ni maziwa?" Rita akauliza.

Mlinzi akafunga dirisha la kioski. Akina mama wakabeba mitungi mitupu, wakarudi nyumbani wakinung'unika.

Kalondu hakunung'unika. Alirudi nyumbani akachukua simu yake akaanza kuchora.

Mkono wake ulikuwa mwepesi. Alikuwa akitengeneza katuni zinazotembea. Anachora picha moja, halafu nyingine iliyobadilika kidogo, halafu nyingine, mpaka punda anachechemea na fisi anacheka. Aliziweka kwenye ukurasa wake katika mtandao mmoja wa video.

Safari hii alichora mfereji mzee mwenye shingo nyembamba. Akina mama wanauletea mitungi, nao unakohoa tu. Nyuma yake, lori linafyonza maji kwa mrija mpaka tumbo linavimba. Chini ya picha akaweka wimbo uliokuwa ukivuma wakati huo. Akaituma. Kufikia jioni, soko zima lilikuwa limeiona.

Kesho yake Donald, mwenyekiti wa kamati ya maji, alibisha hodi. Alikataa kukaa.

"Nzomo," akamwambia baba yake Kalondu, "binti yako amenichora mimi kama lori."

"Nilichora lori, mwenyekiti," Kalondu akasema. "Ni wewe uliyejiona humo."

Donald akamwonyesha kidole. "Ifute! Na uombe msamaha mbele ya watu. La sivyo, tutaona nyumba hii itachota maji wapi."

Alipoondoka, Nzomo alifunga mlango. Alikuwa mkulima wa ndengu, mtu wa kukwepa ugomvi.

"Futa tu, mama," akamwambia binti yake. "Sisi ni watu wadogo."

"Nimesema uwongo gani, baba?"

Nzomo akainuka. Akachukua kofia yake akaenda shambani.

Kalondu hakufuta. Lakini wiki hiyohiyo, alipofungua ukurasa wake, alikuta maandishi: video imeondolewa na ukurasa umefungwa kwa muda. Punda, fisi, mfereji, vyote havionekani. Kibaya zaidi, video zilizokamilika alikuwa amezifuta kwenye simu ili apate nafasi. Alilia kwa hasira. Kisha akanawa uso, akaenda Voi kumwona Mwanamvita.

Mwanamvita alikuwa na studio ndogo karibu na soko la Voi. Kazi yake ilikuwa kupiga na kuhariri video za harusi. Ndiye aliyemwonyesha Kalondu programu ya kuchorea, zamani kidogo.

"Karibu, mdogo wangu. Mbona uso umekunja hivyo?"

"Wamenifungia, dada. Donald ameshinda."

"Hebu nione." Mwanamvita akasoma ujumbe wa mtandao hadi mwisho. Kalondu alikuwa amesoma mstari wa kwanza tu.

"Hapa hawakutaja maji hata kidogo," Mwanamvita akasema. "Wasema wimbo. Je, wimbo ni wako?"

"Si wangu. Lakini kila mtu anautumia."

"Kila mtu si ruhusa. Mwenye wimbo ana haki yake, kama wewe ulivyo na haki ya michoro yako. Aliyekushtaki alitafuta pa kukushika, nawe ukampa."

Kalondu akainamisha kichwa. "Kwa hivyo niache?"

"Nani kasema uache? Fanya upya, tena vizuri zaidi, wakose pa kushika. Michoro yenyewe ipo?"

"Iko ndani ya programu. Video ndizo nilizofuta."

"Alhamdulillahi. Video tutaitoa upya. Lakini tangu leo, kazi yako isikae mahali pamoja. Weka nakala kwenye simu, nyingine kwenye diski kama hii yangu, na nyingine mtandaoni, kwenye huduma ya kuhifadhi faili. Simu huibwa. Simu huanguka majini."

"Maji gani, dada, na Maungu hakuna maji?"

Wakacheka wote wawili. Kicheko kilimrudishia Kalondu nguvu.

"Sasa nisikilize," Mwanamvita akasema. "Ule ukurasa wako ni chumba cha kupanga. Mwenye nyumba akifunga mlango, wewe na vyombo vyako mko nje. Wahitaji tovuti yako mwenyewe. Ziko huduma za kutengeneza tovuti bila malipo. Utaanza na hiyo."

"Nitaweka video zote humo?"

"Video ni nzito, na tovuti ya bure ina nafasi ndogo. Iweke video kwenye mitandao miwili tofauti, kisha uionyeshe ndani ya tovuti yako. Watu wape kiungo kimoja tu, cha tovuti. Mtandao mmoja ukiiondoa, wewe wabadilisha ndani, nao waendelea kuja palepale."

"Na wale wa bando kidogo?"

"Watolee nakala ndogo, nyepesi, ya kutumwa kwa WhatsApp. Na jina lako liandike ndani ya picha, karibu na katikati. Ukiliweka pembeni, mtu atalikata. Halafu usichore uso wa mtu wala kutaja jina lake. Onyesha ulichokiona kwa macho yako, basi."

Mwanamvita akamsaidia pia kuujibu mtandao kwa adabu ili ukurasa ufunguliwe, kwamba wimbo ameutoa na hatautumia tena.

Kalondu alirudi Maungu tovuti yake ikiwa tayari, akabaki na kazi moja: kutafuta sauti zake mwenyewe. Rita aligonga mitungi mitupu kwa mwiko. Walirekodi viatu vikiburutwa kwenye vumbi. Lori la mteja liliwapa ngurumo. Lakini kikohozi cha mfereji kiliwashinda. Kalondu alijaribu, akasikika kama mbuzi.

"Mfereji haukohoi hivyo," sauti ikasema mlangoni.

Alikuwa Nzomo, jembe mkononi. Akaingia, akasafisha koo, akakohoa kutoka chini kabisa ya kifua. Kilikuwa kikohozi kikavu, kirefu, chenye uchungu. Mwishoni kilikwama kama hewa ndani ya bomba.

Rita akaacha mwiko. "Baba Kalondu! Watu wataijua sauti yako."

"Waijue," Nzomo akasema. "Nimenyamaza vya kutosha. Washa tena hicho kitu, mama, nikohoe vizuri."

Katuni mpya ilitoka ikiwa kali kuliko ya kwanza. Malalamiko yakatumwa tena. Mtandao mmoja ukaificha kwa siku chache ili kuikagua. Kalondu akabadilisha kiungo ndani ya tovuti yake, na watu wakaendelea kutazama bila kujua kuna kilichotokea. Ukaguzi ulipokwisha, ikarudishwa. Haikuwa na kosa.

Chifu akaita baraza. Donald akasimama na simu yake juu.

"Niliamuru hii kitu ifutwe!"

"Ukiifuta hapo, iko pale," Kalondu akajibu. "Ukiifuta pale, iko kwa hizi simu zote. Na siombi msamaha."

Watu wakapiga makofi. Ndipo mama mmoja mzee akainuka. "Mwenyekiti, tuachane na katuni. Lile lori ni la nani?"

Donald akashusha simu, akaitia mfukoni. Chifu akauliza swali lilelile. Donald akasema ana haraka, akaondoka barazani.

Kabla ya mwezi kwisha, kamati mpya ilichaguliwa, na Rita akawa mmoja wa wajumbe wake. Saa za maji zikaandikwa kwa rangi ukutani mwa kioski, kila mtu azione. Malori sasa yanahudumiwa baada ya foleni ya watu kwisha. Chai ya Rita inachemka mapema.

Juzi Kalondu alipata ujumbe kupitia tovuti yake. Uliandikwa na mwalimu mmoja wa Bomeni, kule Taveta: "Na kwetu mambo ni hayohayo. Tunaomba ruhusa tuonyeshe katuni yako kwenye mkutano, kwa sauti za Kitaveta."

Kalondu alimwita baba yake, akamsomea. Nzomo akatabasamu. "Utawaambia nini?"

Kalondu alikuwa tayari anaandika: "Chukueni. Jina langu liacheni. Sauti wekeni zenu, na mtu yeyote akiwaambia mfute, mwambieni aje Maungu."