Sitamtaja Jina

"Namjua dada mmoja, sitamtaja jina," mwanafunzi waliyemwita Redio alisema pale mimbarani, akaishusha sauti kama alivyofundishwa. "Dada huyu anashinda kutwa nzima katikati ya vitabu. Baba yake alikuwa mahututi hospitalini. Simu ya baba ikaita mara tatu. Dada akaitazama, akaigeuza kifudifudi, kwa sababu walikuwa wamegombana. Asubuhi yake baba akafariki. Mpendwa, wewe unasubiri nini?"

Eti hatamtaja jina! Chuo kizima cha wachungaji kilikuwa na mtunza maktaba mmoja tu. Naye alikuwa ameketi benchi la nyuma, na pete ya kidoleni mwake alivishwa na huyohuyo mhubiri. Wanafunzi thelathini waligeuza shingo kwa pamoja.

Dada wa maktaba alihisi uso unamwaka moto. Siri ile alimwambia mtu mmoja tu duniani, tena akilia begani mwake. Hata mama yake hakuijua. Na mama yake, jamani, ndiye aliyekuwa mpishi mkuu wa chuo, na spika ya kanisa ilikuwa imevutiwa waya mpaka jikoni ili wapishi nao wasikose neno.

Akasimama, akatoka.

Alipokuwa anakatiza uani, spika ya jikoni ikamletea mlio wa kengele ndogo. Mchungaji mzee aliyefundisha somo la mahubiri huigonga mwanafunzi akipitisha dakika ishirini, ndiyo maana wakambatiza jina la Kengele. Safari hii hata nusu ya muda ilikuwa haijafika.

"Shuka," spika ilisema kwa sauti ya Kengele.

"Mwalimu, bado sijamaliza."

"Umemaliza. Huyo dada alikupa ruhusa?"

"Sikumtaja jina, mwalimu."

"Nimekuuliza ruhusa, sijakuuliza jina. Sifuri. Utarudia Ijumaa. Ukiharibu tena, huhitimu mwaka huu."

Redio alimkuta maktaba, amesimama nyuma ya kaunta. Walimwita Redio kwa sababu hazimiki, lakini siku hiyo maneno yalimtoka moja moja.

"Mpenzi, nisikilize."

"Nimeshakusikiliza. Imetosha."

"Nilitaka watu waguswe."

"Wameguswa. Hukuona walivyonigeukia?"

"Habari yako ilinigusa mimi kwanza, nikaona..."

"Ikakugusa, ukaigawa vipengele vitatu na hitimisho!"

Redio akainamisha kichwa. Dada akaivua pete, akaiweka juu ya daftari la kuazimia vitabu. Harusi ilikuwa imebakiza wiki sita.

"Usifanye hivyo, tafadhali."

"Nitaolewaje na wewe? Kila nitakachokwambia chumbani, nikikute mimbarani Jumapili? Tukigombana Jumamosi, kesho yake kanisa zima litajua nani alinuna. Chukua pete yako."

"Nakupenda."

"Najua. Ndiyo maana inauma hivi. Chukua."

Akaichukua, akaondoka. Simu ya dada ikalia. Ujumbe wa mama: "Njoo jikoni. Acha kila kitu."

Alitembea hatua zile chache kama anayepelekwa kufungwa. Tangu baba afariki, miaka miwili nyuma, alikuwa akijiandaa kwa siku hii. Mama alikuwa anamenya vitunguu, macho mekundu, na haikujulikana kama ni vitunguu au ni lile lingine.

"Kaa hapo. Ni kweli?"

"Ni kweli, mama. Niliiona simu nikaiacha ilie. Baba alitaka kuniaga, nikamnyima. Nisamehe."

Mama akaweka kisu chini.

"Wewe mtoto! Miaka miwili umebeba hilo peke yako?"

"Ningekwambiaje?"

"Kwa mdomo! Baba yako hakukupigia simu."

"Mama, jina lake lilitokea."

"Jina lake, vidole vyangu. Yeye alikuwa amelala. Nilichukua simu yake nikijua ukiona ni mimi utajua nataka kukusuta, usipokee. Nilitaka uje mpatane. Alipoamka akaniuliza, 'Unampigia nani?' Nikamwambia. Akacheka, na kifua chake kilivyokuwa! Akasema, 'Mwache. Kichwa kigumu hicho kanirithi mimi. Akija mwambie nilishasahau hata tuligombania nini.'"

Dada alimtazama mama yake.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia siku ya mazishi! Nikasema baba yako hakuwa na kinyongo."

"Nilidhani unanifariji tu."

"Haya basi, nakufariji tena. Njoo hapa."

Alilia kwenye aproni ya mama yake mpaka wasaidizi wa jikoni wakaondoka wenyewe kwa adabu. Kilio hicho hakikuwa cha uchungu. Alikuwa anamshukuru Mungu, na baba yake, na kile kicheko ambacho hakukisikia lakini aliijua sauti yake.

"Kwa hiyo nimshukuru Redio?" aliuliza, akipangusa pua.

"Thubutu! Mungu ametutoa pabaya, lakini yeye hakujua anachofanya. Ruhusa ni ruhusa."

Siku tatu zilipita. Kila asubuhi ulikuja ujumbe mmoja tu, na kwa Redio huo ulikuwa ukimya mkubwa: "Sikuombi unirudie. Naomba unisamehe tu." Dada alisoma, hakujibu, hakufuta.

Alhamisi mchana, mama akamnong'oneza kwenye foleni ya chakula, "Nimemsimulia Redio mwisho wa ile habari. Baba yako alivyocheka, na yote aliyosema."

"Mama! Umempa mhubiri mwenye mtihani kesho?"

"Nimempa. Sasa tuone ataiweka wapi."

Dada hakula siku hiyo. Habari ile ingemtoa mtu yeyote machozi. Akiwa nayo, Redio angepata alama za juu na kuhitimu kichwa kikiwa juu. Bila hiyo, angekuwa na Biblia yake tu na hofu.

Ijumaa, Kengele alikuwa mlangoni mwa kanisa akigawa karatasi za maoni kwa wasikilizaji watano, kama desturi ya somo lake. Ya tano akampa dada.

"Mimi si mwanafunzi, mwalimu."

"Mahubiri yaliyopita yalikuumiza wewe. Sina mkaguzi mwingine."

Redio akapanda. Somo lilikuwa lilelile, msamaha. Alisoma mistari yake, akaeleza polepole, bila mbwembwe. Kisha akafika pale. Dada alipatambua kabla hajafungua mdomo, mahali ambapo kicheko cha baba yake kingeingia kama ufunguo kwenye kufuli. Redio akanyamaza. Akatazama karatasi yake. Kengele akaitazama kengele yake. Dada alishika benchi kwa mikono miwili.

Redio akafunua ukurasa, akasoma mstari uliofuata.

Akamaliza dakika ya kumi na mbili. Hakuna aliyelia. Yaani, mmoja alilia, benchi la nyuma, na kalamu mkononi.

Desturi ni kwamba Kengele husoma maoni yote kwa sauti, mhubiri akiwa bado amesimama. Akasoma manne. Moja lilisema mahubiri yalikosa chumvi, jingine kwamba hayakuwa na mfano hata mmoja. Redio aliitikia kwa kichwa kila mara. Kengele akafungua la tano, akalipitia kimya, akavua miwani.

"Dada, naruhusiwa kusoma?"

Watu wakageuka. Safari hii dada hakuinamisha uso.

"Ruhusa natoa, mwalimu."

Kengele akasogeza kipaza sauti.

"Sauti: inasikika. Mifano: hakuna, na namshukuru sana mhubiri kwa ule ambao hakuutoa. La kurekebisha: arudishe pete. Kidole kinapigwa baridi."

Kanisa lililipuka. Redio, mtu wa maneno elfu, aliyaacha yote mimbarani. Alishuka akijipapasa mfuko huu, mfuko ule, mpaka akaipata pete kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo. Wakati anamvisha, mlango wa pembeni ukafunguliwa kwa kishindo. Mama alikuwa amesimama pale, mwiko mkononi, anahema.

"Mwalimu, rudia kusoma! Vitunguu vilikuwa vinakaanga, sikusikia vizuri!"