Chama Bila Wanachama

"Toa mashuka yako kwenye kamba! Nguo za wateja wangu nizianike wapi, kichwani?"

Aliyefoka ni fundi cherehani wa chumba cha pili. Mikono kiunoni, sauti inafika barabarani.

"Kamba ni ya nyumba nzima, shoga," Mama Mashuka alijibu. "Na wewe si ndiye mwenyekiti wetu? Badala ya kunisaidia kukamua, unanifukuza!"

"Mwenyekiti anaongoza. Hafui."

Mama Mashuka alifua mashuka ya nyumba ya wageni ya jirani. Mumewe, mwashi, hakuwa na kazi tangu mvua zianze. Mashuka ndiyo yaliyoinjika sufuria. Lakini yalikuwa yamechelewa mara mbili. Meneja alisema wazi: yakichelewa tena Jumamosi hii, kazi inakwenda kwa dobi mwenye mashine.

Ndiyo maana wanawake wanne wa ua ule waliunda chama. Walikaa, wakanywa chai, wakagawana vyeo. Fundi cherehani akawa mwenyekiti. Muuza mkaa, katibu. Msusi, mlezi. Mama Mashuka mwenyewe akapewa umakamu. Vyeo viliisha, kazi ikabaki kwenye beseni.

Mwashi alitoa kichwa mlangoni. "Nilikwambia, mke wangu! Chama ni fulana, kofia na kelele. Kura zikipita, na wao wamepita. Humu ndani sitaki chama!"

Mpangaji wa chumba cha pembeni alikuwa anapita na ndoo ya maji. Alifanya kazi katika ofisi ya vyama vya ushirika, kwa hiyo walimwita Bi Ushirika. Maneno ya watu aliyapenda kuliko chai. Akatua ndoo.

"Shemeji," alimwambia mwashi, "mlipokataa kupanda lile jukwaa bovu, nani aliwasemea kwa tajiri?"

"Chama chetu cha mafundi ujenzi."

"Kilikupa kofia?"

Mwashi akajikuna shingo. Wanawake, pamoja na msusi na muuza mkaa waliokuwa wametoka kusikiliza ugomvi, wakaangua kicheko.

"Vyama ni kama ndugu wa ukoo mmoja," alisema Bi Ushirika. "Jina moja, shughuli mbalimbali. Chama cha siasa kinaomba kura ili kiongoze nchi. Chama cha wafanyakazi kinatetea haki kazini. Cha mpira kinasimamia mpira. Cha ushirika, watu wanafanya kazi au biashara pamoja, na faida ni yao."

"Sasa kama si kura wala kofia, chama ni nini?" aliuliza msusi.

"Ni watu walioingia kwa hiari, wana lengo moja, na wamekubaliana kanuni. Viongozi wanawachagua wenyewe. Wakiharibu, wanawatoa wenyewe. Haya, ninyi mna viongozi wanne. Wanachama wako wapi?"

Wakatazamana. Hata fundi cherehani alitazama chini.

"Na lengo lenu?"

"Mashuka yafike Jumamosi kabla ya adhuhuri," Mama Mashuka alisema polepole. "Yasipofika, sijui wanangu watakula nini."

Hapo hakuna aliyecheka. Mwashi akafungua mlango wote. "Ingieni mkae. Msizungumze mambo ya maana mmesimama kama kuku."

Wakaingia. Wakakubaliana kwamba kila mwanachama atafanya kazi kwa mikono, awe na cheo asiwe nacho. Asubuhi kamba ni ya mashuka, alasiri ni ya nguo za fundi. Mwenye dharura aseme mapema. Malipo yatafuata kazi. Kisha wakachagua upya, kwa kunyoosha mikono. Muuza mkaa akashinda uenyekiti.

Fundi cherehani aliinuka, akatoka bila kuaga. Mlango wake ukabamizwa.

Mama Mashuka akashika tama. Bila yule, ugomvi wa kamba hautaisha. Na mashuka saba yamechanika, nani atayashona?

Mlango ukafunguliwa tena. Fundi alirudi na kopo la nyuzi.

"Cheo mmenivua," alisema. "Sindano hamjanivua. Leteni hayo yaliyochanika, na msinitazame hivyo!"

Siku zilizofuata uani kulichangamka. Msusi alifua na kukamua, maana mikono yake ilizoea kuvuta nywele. Muuza mkaa alipiga pasi ya makaa. Mwashi alisimika nguzo mbili, wakapata kamba ya pili. Umbea nao haukulala, ila sasa ulikwenda na kazi. Bi Ushirika aliwaambia, "Bado ni kikundi kichanga. Mkikua, njooni ofisini niwaeleze namna ya kuandikisha chama, sheria iwatambue."

Jumamosi asubuhi mwashi aliazima mkokoteni, akapeleka mashuka. Wanawake walisubiri chumbani kwake. Walipika, lakini hakuna aliyegusa sahani.

Magurudumu yakalia nje. Mwashi akasimama mlangoni, uso umekunjamana.

"Sema basi, baba!" mkewe alipiga kelele.

"Meneja kayahesabu yote. Kanusa. Kapapasa mshono." Akashindwa kuzuia tabasamu. "Anasema kuanzia wiki ijayo mchukue na vitambaa vya meza."

Vigelegele vikapasua paa. Mwashi alibaki kizingitini, chumba kimejaa, hana pa kukanyaga.

"Nawaachia chama chenu," alisema. "Mimi si mwanachama."

Muuza mkaa akasogea, akapiga mkeka kwa kiganja.

"Sahani haiulizi kadi ya chama, shemeji. Nawa mikono, ingia ule."