Wino Mpya kwenye Cheti cha Dada

Kila Jumamosi, nikishaosha vyombo, kazi yangu ilikuwa kupanga karatasi za baba kabatini. Nyumbani waliniita Karani kwa sababu ya mwandiko wangu mzuri, na sitaki kudanganya, jina hilo lilinivimbisha kichwa.

Wakati ule dada yangu, anayefanya kazi ng'ambo, alikuwa amebakiza wiki saba afunge ndoa katika kanisa la huko. Padri wa huko alitaka cheti cha ubatizo kutoka parokia yetu, alikobatizwa. Nilikikuta kabatini, wino umefifia, kinasomeka kwa taabu. Niliona aibu kitu kile kivuke mipaka. Basi nikachukua kalamu nyeusi, nikapita juu ya kila herufi, polepole, mpaka kikapendeza. Baba akakitia kwenye bahasha bila kukitazama.

Kabla ya kukituma tulikipeleka ofisi ya parokia kithibitishwe, tukamkuta katibu, mama wa makamo mwenye maneno machache. Alikiinua cheti kwenye mwanga wa dirisha, kisha akamuuliza baba ni nani aliyekichezea. Baba akasema hajui. Katibu akatueleza kwamba mtu akifunga ndoa, habari hiyo huandikwa kando ya jina lake katika kitabu cha ubatizo. Kwa hiyo cheti kikichezewa, mwenyewe hushukiwa kuwa anaficha ndoa ya zamani. Ingebidi ofisi ya askofu ichunguze kwanza, na harusi ingoje.

"Binti yangu hana la kuficha," baba alisema.

Dada ndiye aliyenifundisha kushika kalamu, na sasa alishukiwa kwa kosa langu. Niliogopa sana, lakini nilimwonea huruma zaidi.

"Ni mimi, mama," nikasema. "Niliona kimefifia, nikakipamba. Dada hajui lolote."

Baba alinikata jicho. Katibu hakunigombeza. Alinipa karatasi, akaniambia niandike jina la dada. Nikaandika, naye akalinganisha herufi moja moja na zile za kwenye cheti mpaka akaridhika. Kisha akafungua kitabu kikubwa cha ubatizo, akalitafuta jina la dada. Pembeni yake palikuwa peupe kabisa.

Kumbe hata kile cha zamani kisingefaa, kwa kuwa kanisa hutaka cheti kilichotolewa ndani ya miezi sita. Alijaza kipya, akagonga muhuri. Baba alishusha pumzi ndefu, nami nikalia kwa furaha bila kuona haya.

"Mwanangu," katibu akasema, "karatasi ya ofisi haipambwi, hata kwa nia njema. Ila kosa la kalamu tumelirekebisha kwa dakika kumi. Ungenyamaza, kosa la kunyamaza lisingerekebishika upesi, na mwenye kuumia angekuwa dada yako."

"Umesikia?" baba akauliza. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Haya, twende nyumbani tumpigie simu dada yako, umsimulie mwenyewe."