Pigo Lililochelewa

Mshonaji alikuwa anapinda upindo wa gauni la mteja, pini tatu mdomoni, nje watu wakipishana kama siafu, wimbo ulipopenya ukuta wa duka la jirani. Aliutambua mara moja: roki ya bendi ya baba yake, iliyotamba kabla yeye hajazaliwa. Ila sasa ulikuwa umetiwa mdundo wa dansi. Akatoka mbio.

Mlangoni alimkuta kijana mrefu, shati la buluu, hedifoni shingoni: Fundi, mtengeneza muziki wa duka lile.

"Huo wimbo umeutoa wapi?"

"Toa pini kwanza, dada. Ukinichoma nitajibuje?"

Akacheka bila kutaka. Mapenzi yakaanzia hapo.

"Umekula, mpenzi?" Fundi alikuwa akimpigia simu kila mchana.

"Nimeshiba sauti yako."

"Basi utakonda!"

Mshonaji mwenyewe ndiye aliyemwombea ruhusa ya kuutumia wimbo kwa baba, mpiga dramu mstaafu. Mzee akaridhia. "Nimekubali kwa ajili yako, mwanangu. Usiniaibishe."

Wimbo ulipokamilika, Fundi akamtumia kwenye simu. Mtamu ajabu. Lakini ulipofika kwenye kiitikio, akausimamisha. Akapiga simu.

"Umefuta pigo la baba!"

"Lile lililochelewa? Nimelinyoosha tu, mpenzi. Wachezaji wangejikwaa."

"Lilichelewa kwa sababu mama alifungua mlango wa studio! Baba alikuwa hajawahi kumwona. Akasahau mikono yake. Bendi nzima ikakataa kurekodi upya."

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuuliza?"

Akakata. Alijua kosa lilikuwa la wote wawili, lakini siku nne hakupokea simu za Fundi. Hasira hasara.

Jumamosi mchana baba akamgongea. "Vaa twende ukumbini kwenye dansi. Jana huyo kijana wako alikuja kwangu, akakaa kutwa nzima. Aliniuliza pigo baada ya pigo."

Akavaa gauni la njano, uso bado umenuna. Ukumbi ulifurika, jasho na marashi vikishindana. Wimbo ukaanza, watu wakaruka. Kwenye kiitikio mdundo ukakatika ghafla. Mamia ya watu wakabaki mguu mmoja hewani. Kisha dramu ya mzee ikashuka, nzito, imechelewa vilevile, na ukumbi ukalipuka.

"Rudia! Rudia!"

Mzee alikuwa anajipiga mapaja, machozi yakimtiririka.

Fundi akashuka jukwaani. "Nisamehe. Nilidhani ni kosa."

"Ni kosa. Ndilo lililonizaa."

"Basi nitamwomba mzee anipe—"

"Niombe mimi kwanza."

"Utakubali nikuoe?"

"Nimekubali. Haya, kamwambie."

"Nimesikia," mzee akasema nyuma yao. "Nimepiga dramu miaka thelathini, lakini sijawa kiziwi."

Umati ukadai wimbo mwingine wa bendi ile. Fundi akajikuna kichwa: alikuwa ameutengeneza nusu tu kwenye mashine yake. Akataka kukimbilia dukani.

Mshonaji akamshika mkono. "Leo tucheze, mpenzi. Utaumalizia kesho, mzee akiwa ameketi pembeni yako."